Kiti cha Juu ni cha Nani?

Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Uganda, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto. Wengi wao walikuwa watumishi wa Kabaka Mwanga. Walimtumikia kwa uaminifu. Ila nafasi ya Mungu hawakumpa.

Sisi hatutishwi kwa moto. Wanaoikalia nafasi hiyo mioyoni mwetu ni wale tuwapendao: watoto, wazazi, wenzi wetu. Hatuagizwi kuwatupa. Lakini hakuna mwanadamu awezaye kuubeba uzito wa matumaini yetu yote. Tukimtwika, tutamwelemea bure.

Basi leo tujiulize: ni nani ambaye tungeogopa kumkatalia hata anapotutaka tumwasi Mungu? Huyo ndiye tuliyemketisha juu. Tumpende, tumhudumie, lakini kiti hicho tumrudishie Kristo. Amina.