Gololi Ndani ya Kompyuta

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi, Kipalapala



Jana kikaoni mzee wetu mmoja aliuliza: tukichanga fedha za kununua kompyuta za shule, je, vijana hawatazigeuza kuwa za michezo tu? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa mfano wa mchezo wenyewe.

Uko mchezo uitwao pinboli. Ni meza iliyoinama, yenye kioo juu na gololi ya chuma ndani. Gololi huteremka ikigonga vizuizi na kumpatia mchezaji pointi, naye huirudisha juu kwa vibao viwili isimpotee. Jiji la New York liliupiga marufuku mwaka 1942, likiuhesabu kuwa kamari, na halikuuruhusu tena hadi mwaka 1976.

Mwaka 1983 kampuni ya Electronic Arts ya Marekani ilitoa programu iitwayo Pinball Construction Set, kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani ya Apple II. Mtungaji wake, Bill Budge, hakumpa mchezaji meza iliyokwisha kutengenezwa tu. Alimpa pia vifaa: kuta, vibao, vizuizi na rangi. Kijana aliipanga meza yake mwenyewe, akapima nguvu ya mvutano na jinsi gololi itakavyodunda, kisha akaihifadhi kwenye diski na kumpa rafiki yake. Yote hayo yalienea katika kumbukumbu ya kilobaiti 48. Picha moja ya simu ya leo huzidi hapo mara nyingi.

Nasi je? Tangu mwaka 1974 Serikali yetu ilikuwa imezuia kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Kwa hiyo, wakati vijana wa kwingine walipokuwa wakijifunza kutunga, wa kwetu hawakuwa na chombo. Leo chombo kipo, lakini wengi wetu tunakitumia kucheza walichotunga wengine.

Vijana, njia ya misafara ilipita hapa Tabora. Wapagazi walibeba pembe hadi pwani, wakarudi na nguo na shanga, na faida kubwa ikawaendea wenye mzigo. Msikubali kuwa wapagazi wa kompyuta.

Ndugu wanachama, napendekeza tuchange, ila kwa sharti moja: anayetaka kucheza mchezo katika chumba hicho, kabla ya muhula kwisha awaonyeshe wenzake mchezo alioutunga mwenyewe, hata kama ni wa gololi moja na vibao viwili. Mwenye kutunga atalazimika kujua hesabu na fizikia, kwani bila hizo gololi yake haitateremka.

Mzee wetu, hilo ndilo jibu langu.