Mtoto Mwenye Wasiwasi na Wajibu Wetu Kwake

(Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya jambo ambalo halina fungu lake katika hesabu za chama. Hesabu mlizosomewa asubuhi zaonyesha fedha za mazishi, za ugonjwa na za karo. Lakini yuko mtoto ambaye karo yake imelipwa, sare yake imeshonwa, vitabu vyake vimenunuliwa, na bado asubuhi ikifika hawezi kutoka mlangoni. Huyo ndiye tunayetaka kumsemea leo.

Alama zake twazijua sote, ingawa mara nyingi twaziita kwa majina mengine. Mtoto huamka akilia kwamba tumbo lamwuma. Ikifika Jumamosi tumbo limepona. Usiku hulala kwa vipande vipande. Huuliza swali lile lile mara kumi: Mama atarudi saa ngapi? Na asiporudi je? Huandika na kufuta mpaka karatasi ikatoboka. Mwingine aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Mwingine huwa mkali na kujibu vibaya. Nasi watu wazima twasema: huyu ni mvivu, huyu amedekezwa, huyu ana kiburi. Huenda si mvivu wala hana kiburi. Huenda ana wasiwasi.

Yafaa tutenge hofu na wasiwasi. Hofu ni ya kitu kilicho mbele ya macho. Wasiwasi ni wa kitu ambacho hakijafika na pengine hakitafika kamwe. Hofu yenyewe si kitu kibaya, maana mtoto asiyeogopa gari hawezi kuvuka Barabara ya Jogoo salama. Ubongo ukihisi hatari huuamuru mwili ujiweke tayari kukimbia au kupigana. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, na tumbo husukasuka kwa sababu damu yake imepelekwa mahali pengine. Basi mtoto asemaye kwamba tumbo lauma hasemi uongo. Tumbo lauma kweli. Taabu ni kwamba kengele ya hatari imelia pasipo mwizi, na haikomi kulia.

Wala jambo hili si la nyumba moja au mbili. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana shida ya afya ya akili, na wasiwasi ni miongoni mwa shida zilizoenea zaidi.

Kwetu sisi tuliokuja mjini kutafuta kazi, ziko sababu tusizopaswa kuzifumbia macho. Wengi wamewaacha watoto wadogo kwa nyanya zao mashambani, kisha wakawaleta Nairobi kwa ajili ya shule. Mzazi aona amemkusanya mtoto wake. Mtoto aona amenyang'anywa mtu aliyemlea. Tena iko mitihani. Mtihani wa KCPE ulianza mwaka 1985 na ukafanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Wazazi waliokulia chini yake bado wanaitetemekea karatasi ya mtihani, na wanawarithisha watoto tetemeko hilo ingawa mtihani wenyewe umekwisha kuondoka. Yako pia maafa. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilibomoa nyumba na kuua watu katika Mathare na mahali pengine. Mtoto aliyeona maji yakipanda ukutani, leo akisikia tone juu ya bati hujikunyata. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Walijua habari hizi kabla ya madaktari.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tusimpige wala kumwaibisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mwanafunzi apigwe au ateswe moyoni. Lakini hata kama pasingekuwa na sheria, fimbo haiwezi kutoa hofu, maana fimbo yenyewe ni hofu nyingine. Wazee watasema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini mkunjaji mwema hukunja polepole, na akunjaye kwa pupa humvunja samaki wake.

Pili, tumsikilize kabla ya kumjibu. Neno “Usiogope” halimsaidii, kwa kuwa hakuchagua kuogopa. Yafaa aambiwe: “Naona moyo wako wenda mbio. Niambie unaogopa nini.” Kisha tunyamaze mpaka amalize. Mtoto akilipata jina la hofu yake, hofu hiyo hupungua kimo.

Tatu, tusimwache akimbie kila anachokiogopa. Hapa wazazi wapole hukosea kama vile wakali wanavyokosea. Mtoto akibakizwa nyumbani leo, leo hiyo hiyo hupata nafuu. Lakini kesho shule imekuwa kubwa zaidi machoni pake. Dawa yake ni kwenda kwa ngazi. Mwaka 1924 mwanamke mmoja wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto mdogo aliyeitwa Peter, aliyeogopa sungura. Sungura aliletwa akiwa mbali huku mtoto akila chakula akipendacho. Kila mara akasogezwa karibu kidogo, hata mwishowe mtoto akamshika kwa mikono yake. Mpaka leo watibabu hufuata njia hiyo. Kwa mtoto wetu ngazi yaweza kuwa hivi: siku ya kwanza atembee na mzazi hadi lango la shule na kurudi, siku ya pili aingie amsalimu mwalimu wake, baadaye akae mpaka mapumziko, kisha mpaka saa ya chakula, halafu siku nzima. Kila kidato apongezwe kwa ujasiri wake, wala asirukishwe. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, tuutulize mwili wake. Avute pumzi polepole kwa pua huku akihesabu mpaka 4, kisha aitoe taratibu akihesabu mpaka 6. Afanye hivyo mara kadhaa, na afundishwe wakati ametulia, siyo wakati wa machozi. Apate usingizi: mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji saa 9 hadi 12 kila usiku, na simu isilale naye kitandani.

Tano, tujichunge wenyewe. Katika chumba kimoja hakuna siri. Mtoto ageukiaye ukuta hajalala. Anasikia habari za kodi, za deni na za kazi iliyokwisha. Hatusemi adanganywe. Akiuliza, aambiwe kweli kwa kadiri ya umri wake, na aambiwe pia ni nani anayelishughulikia jambo hilo, ili asidhani kwamba mzigo ni wake.

Ikiwa majuma yanapita na mtoto bado hali vizuri, halali, hataki shule wala michezo, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Akitaja kwamba ataka kufa au kujidhuru, pasingojewe hata siku moja, wala asiachwe peke yake. Iko pia simu ya watoto, namba 116, ambayo hupigwa bure popote katika Kenya. Maombi na mashauri ya wazee ni mema, nayo hayamzuii mtu kwenda hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Tena msaada hautoki kwa wataalamu peke yao. Mwaka 2021 ilitangazwa taarifa ya utafiti uliofanywa hapa Kenya kwa wanafunzi 413 wa shule za sekondari. Walikutana katika vikundi mara 4, wakiongozwa na vijana waliomaliza shule si zamani, ambao hawakuwa madaktari bali walifunzwa kazi hiyo. Njia hiyo iliitwa Shamiri. Wasiwasi na huzuni vilipungua kwa wale waliofuata mafunzo hayo kuliko kwa wenzao waliofundishwa namna ya kusoma tu. Ikiwa vijana waliweza, chama chenye wazee na akina mama chaweza pia.

Sasa twaleta ombi letu. Kanuni ya chama yasema kwamba mtoto asiyehudhuria shule kwa muhula mmoja hukatiwa msaada wa karo. Kanuni hii iliwekwa ili fedha zisipotee, na nia yake ilikuwa njema. Lakini humwangukia mvivu na mgonjwa kwa uzito mmoja. Kwa hiyo twaomba Mkutano uamue mambo matatu: kwamba asikatiwe mtoto yeyote msaada kabla ya wanachama wawili, mama mmoja na mzee mmoja, kufika nyumbani na kuzungumza naye pamoja na mwalimu wake, kwamba kila tawi lichague watu hao wawili kabla ya shule kufunguliwa, na kwamba nauli ya kumpeleka mtoto kama huyu hospitali itoke katika fungu la ugonjwa, kwa maana ugonjwa wa moyo ni ugonjwa.

Gharama yake si kubwa. Tukikataa, tutabaki na fedha kidogo zaidi katika sanduku, na mtoto mmoja zaidi nyuma ya mlango uliofungwa. Chama hiki kilianzishwa kwa sababu mkono mmoja haulei mwana. Twaomba mikono yote iinuliwe.