Mikono Inayotetemeka: Tusimshitaki Mtu



Leo mmeleta watoto kwenye kilo, lakini nataka tuzungumze juu ya wazee wetu. Hapa Kasongo na kule Kabambare tunasikia mara nyingi: mama mukwe alikuwa muzima, akapasuliwa tumbo, ao alikimbia vita, akalala porini. Nyuma ya miezi michache mkono mmoja unaanza kutetemeka, hata akikaa kimya. Anatembea hatua fupi, na uso hauonyeshi tena furaha. Watu wanauliza: "Nani amemuloga?" Na macho yote yanamgeukia bibi ya mwana wake.

Sikieni vizuri. Inawezekana ni ugonjwa wa Parkinson, jina la munganga wa London aliyeuandika mwaka 1817. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Inakufa polepole, miaka mingi, bila mtu kujua. Pengine zamani mzee alipoteza kunusa, choo kilikuwa kigumu, usiku alipiga mateke akiota. Hata Muhammad Ali, aliyemshinda Foreman pale Kinshasa mwaka 1974, aliambiwa mwaka 1984 kwamba anao.

Je, huzuni ao kisu cha munganga vinauleta? Haijahakikishwa. Lakini vinaweza kuufunua. Mchwa wanakula nguzo ya nyumba kwa ndani. Siku ya upepo nyumba inainama. Je, ni upepo uliokula nguzo?

Jambo moja tuliangalie. Dawa zingine zinaleta kutetemeka na ugumu wa namna hiyo: metoklopramidi ya kuzuia kutapika, ambayo pengine inatolewa nyuma ya kupasuliwa, na haloperidoli ya wagonjwa wa akili. Mara nyingi hali inapona munganga akibadilisha dawa.

Basi, tufanye hivi:

1. Mlete mzee hospitali pamoja na dawa zote anazokunywa. Usizikate wewe mwenyewe.

2. Kama anakunywa levodopa, isikatwe ghafla. Mbele ya kupasuliwa, mwambie munganga.

3. Mtembeze kila siku. Mpe maji ya kutosha, na ale polepole asipaliwe.

4. Ugonjwa huu hauambukizi. Kuleni naye sahani moja.

5. Woga na kelele za nyumbani vinaongeza kutetemeka. Kumshitaki mtu ulozi kunamuumiza anayeshitakiwa, na mgonjwa pia.

Leo anashitakiwa jirani. Kesho ni wewe. Ukisikia maneno hayo, waeleze habari ya mchwa, kisha mpelekeni mzee kwa munganga.