BIKARI NA RULA MIKONONI MWA VIJANA WETU
(Hotuba kwa wazazi na walimu, Levolosi, Arusha)



Baadhi ya wazee wametuuliza kwa nini twataka wanafunzi wetu wafundishwe kuchora nakshi za Kiislamu, ilhali wamo ambao hawajamaliza hata juzuu moja. Swali hilo ni la haki. Wengine wamekumbusha kwamba Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliivua nguo yenye nakshi iliyomshughulisha katika Sala, akaamuru ipelekwe kwa Abu Jahm. Hadithi hiyo twaikubali. Ndiyo maana hatusemi ukuta wa kibla upambwe. Twasema karatasi, penseli, bikari na rula, tena darasani.

Vijana wetu wanaogopa hisabati. Mtoto huambiwa kwamba kila pembe ya umbo la pembe sita sawa ni nyuzi 120. Hukariri, na mtihani ukipita husahau. Sasa mpeni bikari. Achore duara, kisha, bila kuipanua wala kuibana bikari, apige alama juu ya ukingo, moja baada ya nyingine. Atarudi alipoanzia kwa hatua 6 kamili. Aziunganishe kwa rula: umbo la pembe sita hilo, wala hakuna aliyempimia. Maumbo matatu ya namna hiyo yakikutana kwenye nukta moja hujaza nyuzi 360 bila pengo. Ajaribu ya pembe tano sawa: kila pembe ni nyuzi 108, tatu hufanya 324, na nyuzi 36 hubaki wazi. Ya pembe nane je? Mbili za nyuzi 135 hufanya 270. Zinabaki 90, ambazo ni pembe ya mraba, na fundi wa vigae huuweka mraba papo hapo. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa mkono wake haulizi tena hesabu ni ya nini.

Abul Wafa al-Buzjani, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 10, aliwaandikia mafundi kitabu kizima juu ya michoro waihitajiyo katika kazi zao. Wala tusidhani kwamba hayo ni ya Baghdad na Granada tu. Kilwa Kisiwani, katika magofu ya Husuni Kubwa, jumba la mwanzoni mwa karne ya 14, lipo birika la pembe nane. Na hapa mjini kwetu, mkeka wa ukindu, kofia iliyodariziwa, hata geti la chuma linalochomelewa kando ya barabara, vyote ni vitabu vya somo hili.

Mabinti nao wasiachwe nje. Anayesuka ukili huhesabu miyaa tangu utotoni. Huenda wakawatangulia kaka zao.

Bikari moja yawatosha wanafunzi wawili. Walimu wa hisabati mlio hapa, twawaomba saa moja tu kwa juma, nanyi mwanze na pembe sita. Ya nane yataka kwanza mtoto ajue kuigawa pembe katikati.