Jasho la Mfanyakazi Linapohama: Kuhamisha Akiba ya Uzeeni Nchini Marekani



Wengi wenu mliokusanyika hapa mnafanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee, katika maghala na katika viwanda vya nyama, na mnajua jinsi kazi za namna hiyo zinavyobadilishwa mara kwa mara. Mtu huhama kwa ajili ya dola mbili zaidi kwa saa, au kwa kuwafuata jamaa zake katika jimbo jingine. Huchukua virago vyake vyote, lakini akiba yake ya uzeeni hubaki kwa mwajiri wa zamani. Wapo wanaoisahau kabisa. Wapo pia wanaoidai ije mkononi, na hao ndio wanaopata hasara kubwa zaidi. Juu ya jambo hili tumeona vema kuzungumza nanyi.

Yafaa tuanze na jina. Akaunti ya kustaafu inayofunguliwa kwa njia ya mwajiri huitwa 401(k), yaani namba ya kifungu kilichoingizwa katika sheria ya kodi mwaka 1978. Ile ambayo mtu hujifungulia mwenyewe benki au katika kampuni ya uwekezaji huitwa IRA, nayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1974. Fedha iliyomo katika 401(k) si zawadi ya mwajiri. Sehemu iliyokatwa katika mshahara wako ni yako tangu siku ya kwanza, wala hakuna awezaye kuizuia kwa sababu umeacha kazi. Ile aliyoongeza mwajiri ni ujira pia, ingawa sheria humruhusu kuifungia masharti ya muda: mifuko mingine humpa mfanyakazi sehemu hiyo yote atimizapo miaka mitatu kazini, mingine humpa kidogo kidogo hadi mwaka wa sita. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, uliza tarehe yako. Tunasikitika kuona mtu akiondoka mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka hiyo, akawaachia wengine matunda ya jasho lake.

Sasa twende kwenye uhamisho wenyewe. Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja: mfuko wa zamani unaipeleka fedha kwenye akaunti mpya, iwe IRA au mfuko wa mwajiri mpya kama unapokea. Hata ikiandikwa hundi na kutumwa nyumbani kwako, jina la mlipwaji ni la taasisi mpya kwa manufaa yako. Ikienda katika akaunti ya namna ileile, hapakatwi kodi wala hapatozwi adhabu. Ukiipeleka kwenye IRA ya aina ya Roth, ambayo hulipiwa kodi mwanzoni, kodi ya mwaka huo itakuhusu. Usifanye hivyo pasipo kupiga hesabu.

Njia ya pili ni ile ya hundi yenye jina lako mwenyewe. Tangu mwaka 1993 sheria inaulazimisha mfuko wa mwajiri kukata asilimia 20 na kuipeleka serikalini kabla hujagusa senti. Tuseme mwenzetu wa miaka 40 ana dola 10,000. Atapokea 8,000. Anazo siku 60 tangu siku aliyoipokea hundi, Jumapili na sikukuu zikihesabiwa, aziweke katika akaunti nyingine ya kustaafu. Lakini angalieni: akitaka uhamisho wake uhesabiwe kuwa kamili, hana budi kuweka 10,000 na si 8,000. Zile 2,000 azitoe mfukoni mwake, kisha angoje kudai alizokatwa atakapopeleka hesabu zake za kodi. Asipokuwa nazo, 2,000 hizo huhesabiwa kuwa mapato. Atazilipia kodi, na adhabu ya asilimia 10 juu yake, yaani dola 200, kwa kuwa hajafikia umri wa miaka 59 na nusu.

Akizitumia zote, hali huwa mbaya zaidi. Kwa mtu aliye katika daraja la kodi la asilimia 12, kodi ni 1,200 na adhabu 1,000, jumla 2,200. Zilizokatwa mwanzoni hazitoshi, na mwaka unaofuata ataletewa deni la dola 200, bado kodi ya jimbo pale inapotozwa. Sheria ina misamaha kadhaa katika adhabu hiyo, na aliyekosa siku 60 kwa ugonjwa mzito, msiba wa nyumbani au kosa la benki aweza kujieleza kwa maandishi. Lakini msamaha haufai kuwa mpango wa mtu.

Kwa wenye IRA zaidi ya moja kuna mtego mwingine. Kupokea fedha mkononi kutoka IRA moja na kuirudisha katika nyingine kunaruhusiwa mara moja tu katika miezi 12, na tangu mwaka 2015, baada ya hukumu ya Mahakama ya Kodi katika shauri la Bobrow, IRA zako zote huhesabiwa kuwa moja. Uhamisho kutoka taasisi hadi taasisi hauna kikomo hicho.

Msidharau akiba ndogo. Tangu 2024, ukiacha kazi ukiwa na dola 7,000 au pungufu, mfuko waweza kukuondoa pasipo idhini yako: iliyozidi 1,000 hupelekwa katika IRA ambayo hukuichagua, na ile isiyozidi yaweza kutumwa kwa hundi. Ukihama nyumba bila kutoa anwani mpya, hundi hiyo itafika kwa wageni.

Limebaki jambo linalotuhusu sana, nalo ni haki ya mwenzi. Katika 401(k), sheria ya nchi humfanya mume au mke kuwa mrithi, isipokuwa yeye mwenyewe amekataa kwa maandishi yaliyoshuhudiwa. Fedha ikishahamia IRA, ulinzi huo wa sheria ya nchi huondoka, ingawa sheria za majimbo fulani humlinda mwenzi kwa namna nyingine. Mwenye akaunti aweza kumwandika amtakaye, na mjane akajua habari hiyo baada ya mazishi. Kwa sababu hiyo tunawaomba fomu ya uhamisho isomwe na wote wawili mezani, na jina la mrithi liandikwe siku ileile akaunti inapofunguliwa.

Wenye barua kutoka kwenye mifuko yao wazilete mbele, tuzisome pamoja.