Umbo la Kupasua Upepo



Mchonga mtumbwi alijua tangu zamani ya kwamba omo nene hupigana na maji, bali omo jembamba hupita. Upepo nao ni vivyo hivyo. Gari liendapo polepole haulisumbui sana. Lakini mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya upepo wa kulizuia huzidi mara nne.

Jambo hilo liliwashughulisha sana mafundi wa reli katika miaka ya 1930. Huko Marekani, tarehe 26 Mei 1934, gari la dizeli liitwalo Zephyr, lililoundwa kwa chuma kisichoshika kutu, lilitoka Denver alfajiri likafika Chicago jioni: maili 1,015 kwa saa 13 na dakika 5. Huko Uingereza, Sir Nigel Gresley aliivika injini ya mvuke mabamba yaliyoinama mbele kama kabari, ambayo pia yaliuinua moshi usimzibe dereva macho. Tarehe 3 Julai 1938 mojawapo ya injini hizo, Mallard, ilishuka mteremko kwa mwendo wa maili 126 kwa saa. Hakuna injini ya mvuke iliyothibitishwa kuipita hata leo.

Watu wakalipenda umbo hilo, na wenye viwanda wakaona faida. Raymond Loewy, mzaliwa wa Ufaransa aliyefanya kazi Marekani, alizibuni sura za injini za reli na za majokofu. Hata kichongeo cha penseli alikipa umbo la tone la maji. Pembe za mviringo za jokofu hufutika upesi, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini kichongeo kilichofungwa mezani chakimbilia wapi?

Vita vilipokuja, jaribio likawa kali. Mafundi wa Uingereza waliyaondoa mabamba yaliyofunika magurudumu ya injini za Gresley, kwa kuwa yaliwazuia kuzitengeneza upesi. Mabamba ya mbele, yaliyopasua upepo, yalibaki. Kilichokuwa na kazi kikakaa. Kilichokuwa pambo kikaenda.

Fundisho hilo halikupotea. Katika nchi ya Japani, magari ya mwendo wa kasi yalipoingia katika mashimo ya milimani yaliusukuma upepo mbele, ukatoka upande wa pili kwa kishindo kilichowaudhi wakazi. Mhandisi Eiji Nakatsu alimtazama mdiria, ndege azamaye majini bila kurusha maji mengi, na gari lililoanza kazi mwaka 1997 likapewa pua ndefu mfano wa mdomo wake. Kishindo kikapungua.

Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Basi mnunuzi asimamapo dukani mbele ya chombo king'aacho, na aulize kwanza: umbo hili lafanya kazi gani? Jibu likikosekana, fedha zake na zibaki mfukoni.