Sikiliza Saa ya Kamani

Kama kuna mmoja wenu aliye na saa ya mkono ya zamani, ile ya kujazwa kwa vidole, isiyotumia betri, namwomba aiweke sikioni huku nikiendelea kusema. Ikiwa ni ya miaka ya 1950 hivi, yaelekea atasikia milio 5 katika kila sekunde. Hiyo ni milio 18,000 kwa saa moja, na 432,000 tangu alfajiri hadi alfajiri nyingine.

Nimeulizwa juu ya saa hizi na mama mmoja mjane wa kanisa letu. Mumewe alipofariki aliacha saa yake, na baada ya muda ikasimama. Kijana wao akaipeleka kwa fundi mmoja mjini, akaambiwa, "Mashine hii imekwisha. Afadhali niitoe, nitie ya betri. Kwa nje itabaki vile vile." Mama alikataa katakata. Kijana akaona huo ni ukaidi wa wazee, na maneno yakawa mengi nyumbani, hata wakaja kwangu. Nami, ndugu zangu, nilikuwa upande wa mama. Nipeni nafasi niwaeleze kilichomo ndani ya saa ile.

Kuna kamani, yaani utepe wa chuma mwembamba sana, ambao ukinyoshwa hupita futi moja. Utepe huo umekunjwa ndani ya kikopo kidogo chenye meno pembeni. Unapozungusha kile kidude cha ubavuni unaukaza. Nguvu yote ya saa ni hiyo, nayo ni nguvu ya vidole vyako mwenyewe iliyowekwa akiba kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Kikopo husukuma gurudumu linalozunguka mara moja kwa saa, ambalo huchukua mshale wa dakika. Hilo husukuma la pili, na la pili husukuma la tatu, linalozunguka mara moja kwa dakika. Mwisho kuna gurudumu dogo la meno 15 tu, ambalo huzunguka mara 10 katika kila dakika.

Kama mambo yangeishia hapo tusingekuwa na saa. Ungeijaza, na mishale ingezunguka kama pangaboi mpaka nguvu ya siku nzima iishe mara moja. (Ndiyo maana fundi ajuaye kazi yake huilegeza kamani pole pole kabla ya kufungua kitu chochote.) Lazima awepo wa kuzuia. Kazi hiyo imepewa kipande kidogo chenye umbo la nanga, na Wafaransa huliita kwa jina hilo hilo, hata saa nyingi za Uswisi ziliandikwa "Ancre" usoni. Nanga ina vito viwili. Kimoja hushika jino la gurudumu la mwisho, na magurudumu yote husimama. Kisha huliachilia, jino hupita, na kito cha pili hushika jino jingine. Mlio mnaousikia watoka hapo. Mkipima vizuri, magurudumu ya saa hukaa yamesimama muda mrefu kuliko yanavyokwenda.

Nayo nanga hutii nini? Hutii gurudumu linalobembea, likienda huku na kurudi huku, likivutwa na kamani nyingine nyembamba kama unywele. Kamani hiyo ndogo ilitangazwa na Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1675, na Robert Hooke wa Uingereza akalalamika sana kwamba wazo lilikuwa lake. Kabla ya hapo saa nyingi za mfukoni zilikuwa na mshale mmoja tu, wa saa, kwa kuwa kuonyesha dakika kungekuwa ni kujidanganya. Nanga ilikuja baadaye, katikati ya karne ya 18, kwa kazi ya Thomas Mudge wa London.

Sasa angalieni jambo hili. Asubuhi, kamani kubwa ikiwa imejaa, lile gurudumu hubembea kwa upana. Usiku kamani imelegea, nalo hubembea kwa ufinyu. Lakini muda wa kwenda na kurudi hubaki karibu ule ule! Waliounda saa hawakupata kamani yenye nguvu sawa siku nzima, kwa maana hakuna. Waliweka ndani yake kitu kinachohesabu sawa wakati wa nguvu na wakati wa udhaifu. Tena kila jino linapopita huisukuma nanga, na nanga hulisukuma gurudumu hilo kidogo lisije likachoka. Anayezuia hulishwa na yule anayezuiliwa.

Mwaka 1802 William Paley, mchungaji wa Kanisa la Uingereza, alichapisha kitabu kinachoanza na saa iliyokutwa kondeni, akidai kwamba penye saa pana aliyeiunda. Hoja hiyo imebishaniwa tangu siku za Darwin, nami sitaiingilia leo. Nadhani tu kwamba wengi wanaoitaja hawajapata kuchungulia ndani ya saa.

Turudi kwa mama. Saa ikisimama si lazima iwe imekwisha. Mihimili yake huzunguka ndani ya vito vyenye matundu, ndivyo vile "17 Jewels" vinavyoandikwa usoni. (Warithi wasigombanie hivyo, ni yakuti za kutengenezwa, bei yake ndogo.) Kila tundu lina tone dogo la mafuta, na baada ya miaka kadhaa mafuta hukauka, kamani ikashindwa kusukuma. Fundi wa pili aliifungua mashine yote, akaosha kila kipande, akatia mafuta mapya. Alidai fedha nyingi kuliko za mashine ya betri, na kijana alinung'unika.

Mashine ya betri haina ubaya. Tangu Seiko ilipouza saa ya kwanza ya mkono ya namna hiyo, tarehe 25 Desemba 1969, imezishinda hizi za kamani kwa usahihi. Akitaka majira kamili, kijana anayo simu yake. Lakini kila asubuhi kwa miaka mingi vidole vya baba yake vilijaza mashine ile, si kile kikopo cha nje. Ikitolewa, kilichobaki ni kifuniko.

Basi mlio na saa kama hizo, zijazeni mara moja kwa siku, asubuhi. Kidude kikikataa, acheni hapo hapo. Msizifungue kwa kisu cha jikoni. Na ikichelewa nusu dakika kwa siku, msimlaumu fundi. Siku ina sekunde 86,400, nayo imekosa 30.

Kwaherini.